Gereza, Ngomeni, Makumbusho: Maneno kama Masalia katika Ngome ya Mombasa

Mtu aingiaye katika Makumbusho ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa hupita chini ya maandishi ya Kireno yaliyochongwa juu ya lango mnamo 1635. Maandishi hayo yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa na umri wa miaka 27, kwa kuijenga upya ngome, kuwarudisha watu wa pwani chini ya utii wa mfalme wake, na kuziadhibu Pate, Siyu na Pemba. Mfalme wa Mombasa aliyewaongoza watu hao katika uasi hatajwi kwa jina. Anaitwa dhalimu, basi. Mfalme huyo ni Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa mikononi mwa watawa wa shirika la Augustino, akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo Chingulia, akarejeshwa Mombasa kutawala, na hatimaye, tarehe 16 Agosti 1631, akamuua kapteni wa ngome na kuuvunja utawala wa Wareno mjini kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa hiyo, kabla mgeni hajaona kigae hata kimoja, amekwisha kusomewa hukumu, na hukumu yenyewe imetolewa kwa lugha ya upande mmoja.

Jengo hili limeandikiwa mengi na wanahistoria, waakiolojia na wasanifu majengo. Wataalamu wa lugha wameliandikia machache, ilhali ni miongoni mwa majengo machache ya Afrika Mashariki ambayo historia yake imehifadhiwa ndani ya msamiati wenyewe wa Kiswahili. Makala haya yanashikilia kwamba maneno matatu, yaani *ngomeni*, *gereza* na *makumbusho*, ni masalia ya kihistoria yenye uzito sawa na vigae na mizinga iliyomo ukumbini. Na kwamba yanamwonyesha mtu ambaye kuta na maandishi ya lango havimwonyeshi vyema, naye ni mwenyeji wa mji.

Jina ambalo mji haukulipokea

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 na kukamilika kwa sehemu kubwa 1596, kwa amri ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Msanifu wake alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ilichimbwa na kujengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mpango wake unafanana na mwili wa mtu aliyelala chali. Kila buruji lilipewa jina: São Filipe, Santo Alberto, São Matias na São Mateus. Ngome yenyewe iliwekwa chini ya jina la Yesu.

Hakuna hata moja kati ya majina hayo lililoingia katika Kiswahili cha Mombasa. Jina *Ngome ya Yesu*, linaloonekana leo katika vitabu vya shule na magazeti, ni tafsiri ya karibuni, na umbo lake lenyewe linalithibitisha hilo. *Yesu* ni umbo la Kiswahili cha Biblia, lililoenezwa na tafsiri za wamisionari tangu karne ya 19. Mwislamu wa Mji wa Kale humtaja Nabii Isa. Lau jina la Kireno lingalitafsiriwa na wenyeji katika karne ya 17, yamkini lingalilichukua umbo la pili. Halikutafsiriwa kabisa. Mji uliiita ngome kwa jina la jumla na kuliongezea kiambishi cha mahali, likawa *Ngomeni*.

Kiambishi hicho *-ni* si kitu kidogo. Nomino ikishakipokea huacha ngeli yake ya asili na kuingia katika upatanisho wa mahali: *Ngomeni hapa*, *Ngomeni kule*, *Ngomeni mle*. Jina la Kireno ni wakfu. Linatangaza nani aliyelijenga jengo na kwa ulinzi wa nani. Jina la Kiswahili ni dira. Linaeleza tu msemaji amesimama wapi kulihusu jengo. Watu waliopita nje ya kuta hizo kwa karne nne, wakati Mreno, Mwomani, Mmazrui, Mbusaidi na Mwingereza wakipokezana funguo, hawakuwa na haja ya kubadilisha jina kila mwenye nyumba alipobadilika.

Gereza

Neno linalostahili kukaliwa zaidi ni *gereza*. Asili yake ni Kireno *igreja*, maana yake kanisa. Kifonolojia, safari yake ni ya wazi. Irabu ya mwanzo imedondoshwa. Mfuatano wa konsonanti *gr*, usiozoeleka katika muundo wa silabi wa Kiswahili, umetenganishwa kwa irabu iliyoigwa kutoka silabi inayofuata: *gre* ikawa *gere*, kama vile *carta* ilivyozaa *karata*. Kikwamizo cha Kireno kinachoandikwa *j*, ambacho Kiswahili hakina, kimechukuliwa na jirani yake wa karibu, *z*. Neno likaingia katika ngeli ya LI-YA, *gereza/magereza*, pamoja na majina mengine ya majengo na mahali pa shughuli yaliyotoka nje, kama *duka*, *soko* na *ghala*.

Kisemantiki, safari ni ndefu zaidi. Kutoka kanisa hadi jela si hatua moja, na maelezo ya mkato yanayotolewa mara kwa mara, kwamba Wareno walifunga watu kanisani, hayahitajiki. Kati ya maana hizo mbili ipo maana ya tatu: ngome. Ushahidi wake umesimama hadi leo Kilwa Kisiwani, ambako boma la Waomani la mnamo 1800, lililobeba ndani yake mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505, linaitwa Gereza. Richard Burton, aliyekuwa Zanzibar mwaka 1857, anaitaja ngome ya mji huo kwa neno hilohilo, akiliandika kwa tahajia yake. Kwa hiyo mfuatano ni kanisa, kisha ngome, kisha kifungo.

Ni wapi neno lilipogeuka? Mombasa ina dai lake. Ndani ya ua wa ngome kulikuwa na kanisa la askari, ambalo misingi yake ilifukuliwa na James Kirkman, na mgeni wa leo huoneshwa mahali pake. Aliye nje aliyemsikia Mreno akisema anakwenda *igreja* alimwona akiingia ngomeni. Kwa macho ya mji, kanisa na ngome vilikuwa na mlango mmoja. Hata hivyo, dai la Zanzibar lina nguvu zaidi. Huko Waomani, baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Mahali paliendelea kuitwa kwa jina la zamani, na jengo jipya likalirithi. Katika karne ya 19 ngome hiyo ilitumika kuwa kambi ya askari na mahali pa kufungia watu, na hapo ndipo maana ya tatu ilipokomaa. Mombasa yenyewe, iliyokuwa na kanisa halisi ndani ya ngome halisi, iling'ang'ania *Ngomeni*.

Swali la kwa nini maana ya awali ilipotea lina jibu la karibu. Kiswahili kilikuwa na *kanisa*, lililotoka Kiarabu, na hakikuhitaji neno la pili kwa dhana hiyo. *Kanisa* lilikuwa neno la dini, lililofahamika kwa njia ya elimu. *Gereza* lilikuwa neno la jengo, lililofahamika kwa macho. Neno la pili liliachwa huru kulifuata jengo popote matumizi yake yalipokwenda. Leo linavaliwa begani na askari wa idara za magereza za nchi mbili, na wachache miongoni mwao wanajua kwamba ni jina la nyumba ya ibada.

Ndipo historia ikafanya jambo ambalo mwanasemantiki asingethubutu kulibuni. Mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake, ngome ya Mombasa ilifanywa gereza, na ikabaki gereza hadi 1958. Jengo lililokuwa na *igreja* ndani yake likawa, kwa miaka 63, *gereza* kwa maana ya mwisho ya neno lilelile. Mgeni anayetembea kutoka misingi ya kanisa hadi taarifa za enzi za Waingereza huvuka ua mmoja na kufikiri amepita katika sura mbili zisizohusiana. Kwa mwenye kujua neno, ni sura moja.

Kuzingirwa na waliomo

Tukio linalosimuliwa zaidi katika ngome hii ni kuzingirwa kwake na jeshi la Oman kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Husimuliwa kama pambano la Wareno na Waarabu. Makumbusho yana sababu nzuri ya kulipa nafasi: meli ya kivita *Santo António de Tanná*, iliyoundwa Bassein nchini India na kutumwa kuleta msaada, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na uchimbaji wa chini ya maji uliofanywa kati ya 1977 na 1980 ulitoa vyombo, silaha na mbao ambazo sasa ni sehemu ya mkusanyiko.

Lakini katika miezi mibaya ya 1697, maradhi yalipokuwa yamewamaliza askari wa Kireno, walioishika ngome walikuwa watu wa Faza chini ya Bwana Daudi, pamoja na wanawake wa Kiafrika waliokuwamo ndani. Kwa majuma kadhaa, hadi msaada ulipofika kutoka nje, ngome ya Mreno ililindwa na watu waliozungumza Kiswahili. Jambo hili halitoshei katika hadithi ya upande wowote. Faza ilikuwa imeteketezwa na Wareno wenyewe mwaka 1587. Wajukuu na vitukuu vya walioteketezewa mji ndio waliosimama ukutani, kwa sababu za siasa ya visiwa vya Lamu ambazo hazikuwa na uhusiano na msalaba wala mwezi mwandamo: uadui wa Faza na Pate ulikuwa mkongwe kuliko ngome. Na Wareno waliporejea mwaka 1728, waliofika kuwatoa mwaka uliofuata ni watu wa Mombasa wenyewe, ambao baadaye ndio waliopeleka ujumbe Oman.

Kumbukumbu za maandishi za wakati huo zipo. Barua za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 18, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na watu wa Kilwa, zimehifadhiwa Goa, na ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana. Zinaonesha wenyeji wakiandika, wakijadiliana na Wareno kwa lugha yao, wakati uleule ambao masimulizi ya ngome huwaacha kimya.

Vyombo na majina yake

Ukumbi wa maonyesho una vyombo vya udongo na vya kaure kutoka ngome yenyewe na kutoka miji ya kale ya pwani kama Gede, Manda na Ungwana. Kirkman, aliyekuwa amechimba Gede tangu 1948 kabla ya kuikabidhiwa ngome, aliupa mkusanyiko huu mpangilio wake wa kitaalamu. Akiolojia huainisha chombo kwa asili ya udongo, aina ya rangi na karne. Huu ni uainishaji wa lazima. Bila ya huo tarehe za magofu zisingepatikana. Lakini ni uainishaji unaojibu swali moja tu: chombo kimetoka wapi?

Kiswahili kinauliza jingine: chombo kinafanya nini? *Chungu* hupikia, *mtungi* huhifadhi maji, *mkungu* hufunika na kupakulia, *kasiki* huweka akiba ya mafuta au samli. Mtungi ni mtungi uwe umefinyangwa kijijini au umeletwa na jahazi. Tofauti kati ya cha hapa na cha kuletwa, ambayo ndiyo mhimili wa ukumbi wa makumbusho, haimo katika msamiati wa nyumba.

Mfano wa *kombe* unatosha. Mbele ya mtazamaji ni sahani kubwa kutoka Uchina au Uajemi, ushahidi wa biashara ya Bahari ya Hindi. Katika matumizi ya pwani, kombe ni pia ile dawa ambayo aya za Kurani huandikwa kwa zafarani ndani ya chombo, zikaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Neno la chombo limekuwa neno la tiba. Vyombo vya aina hiyo vilipachikwa pia katika makaburi ya nguzo na mihirabu, na kupangwa katika zidaka za nyumba. Hakuna mstari wa biashara unaoweza kueleza kwa nini mtu anunue sahani kwa thamani kubwa kisha aijengee ukutani mwa kaburi. Maelezo yapo katika lugha, na yangeweza kuandikwa kwa maneno ishirini chini ya sahani.

Upungufu huo unaonekana zaidi katika Ukumbi wa Wamazrui, uliomo ndani ya ngome na wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika mbao zake. Wamazrui waliitawala Mombasa kwa nafsi zao tangu miaka ya 1740 hadi Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Katika miongo ya mwisho ya utawala wao aliishi Muyaka bin Haji, aliyezaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840, ambaye alizitunga siasa za mji, vita dhidi ya Lamu na tishio la Wabusaidi kwa beti fupi zilizojibizana na za wapinzani wake. Aliandika mji ukiitazama ngome na ngome ikiutazama mji. Tungo zake zilikusanywa mwishoni mwa karne hiyo na mmisionari William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye bila ya kumbukumbu yake sehemu kubwa ingepotea; zikachapishwa na Hichens mwaka 1940, na kuhakikiwa upya na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979. Karatasi za Taylor ziko London. Hata hivyo, ushairi hauhitaji kurudishwa kwa meli kama mzinga. Unahitaji tu kusomwa mahali pake, na mahali pake ni ukumbi huo.

Makumbusho: kumkumbusha nani?

Tarehe 24 Oktoba 1958 ngome ilitangazwa hifadhi ya taifa. Ufadhili wa Wakfu wa Calouste Gulbenkian wa Ureno ukawezesha ukarabati, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia.

Neno lililochaguliwa na Kiswahili kwa taasisi ya namna hii ni la kufikirisha. Nchini Kenya *makavazi* hutumika pia, mara kwa nyaraka, mara kwa vitu, lakini *makumbusho* ndilo lililokita mizizi. Lugha nyingi za Ulaya zimerithi kutoka Kigiriki jina linaloashiria makao ya miungu wa sanaa, yaani mahali. Kiswahili kimeunda jina kutokana na kitendo: *-kumbuka*, kisha kauli ya kutendesha *-kumbusha*, kisha kiambishi cha unominishaji *-o* na kiambishi cha ngeli *ma-*. Kitenzi *-kumbusha* kina washiriki watatu: mwenye kukumbusha, mwenye kukumbushwa, na jambo. Tena kina sharti: anayekumbushwa awe alilijua jambo hilo hapo awali. Asiyelijua hakumbushwi, hufundishwa.

Mtalii anayetoka mbali hufundishwa katika ngome hii, na hufundishwa vizuri. Anayeweza kukumbushwa ni mwingine, na kwake mpangilio wa ukarabati wa 1958 hadi 1960 ulikuwa na uamuzi ndani yake. Kilichotafutwa ni ngome ya karne ya 16 hadi ya 19: kuta za Wareno, nyumba ya Mwomani, ukumbi wa Wamazrui. Jela ilionekana kuwa uchafu uliofunika kitu cha thamani. Uamuzi huo unaeleweka kwa wakati wake. Serikali ya kikoloni iliyokuwa imebakiza miaka michache isingetarajiwa kuyahifadhi magereza yake kama urithi. Lakini ndiyo sababu tabaka la karibu zaidi na watu walio hai ndilo jembamba kuliko yote. Miaka 63 ya kifungo ina sentensi chache, ilhali mwaka mmoja na miezi minane ya kurejea kwa Wareno, kati ya 1728 na 1729, una nafasi yake katika kila mwongozo.

Tabaka hilo halichimbwi kwa koleo. Wafungwa na askari wao walikuwa na majina ya vyumba, ya kazi, ya adhabu, ya saa za siku. Walikuwa na namna ya kumtaja aliyemo na aliyetoka. Msamiati huo haujakusanywa kwa utaratibu, na uko katika vinywa vya wazee wa Mombasa, Kwale na Kilifi. Ni kazi ya mwanaleksikografia na ya mtaalamu wa fasihi simulizi kabla haijawa ya mwanahistoria, na muda wake unahesabika: mtu aliyefungwa humo mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 20 sasa anakaribia miaka 90.